Umri wa Betri Katika Joto la Katumba

Mwenye gari wa Katumba akigeuza ufunguo alfajiri, akasikia mlio mmoja mkavu chini ya boneti na baada yake kimya, aghalabu hutoa hukumu papo hapo, kabla hajashuka garini wala hajamwita fundi, ya kuwa betri imekufa. Hukumu hiyo humtoa fedha mfukoni, humpakiza bodaboda hadi Mpanda mjini, humrudisha jioni na betri mpya iliyofungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, na mara nyingi, kabla mwaka haujatimia, humpeleka dukani tena kwa msiba ule ule. Makala hii imekusudiwa kueleza ya kuwa betri haifi ghafla ila kwa nadra. Huuawa polepole, kwa sababu zinazojulikana na zinazopimika, na sehemu kubwa ya sababu hizo imo katika uwezo wa mwenye gari kuiondoa kwa gharama isiyofikia thumni ya bei ya betri mpya.

Jambo hili lina uzito zaidi hapa kuliko mahali pengi, maana Katumba ni nchi ya masafa. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1972 ndani ya msitu wa miombo ili kuwapokea watu waliokimbia mauaji ya Burundi, na wengi wa wakazi wake pamoja na watoto wao, baada ya miaka zaidi ya arobaini ya kuitwa wakimbizi, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania mwaka 2014. Vijiji vyake vimetandaa mbali mbali, kila kimoja na mashamba yake ya mahindi, tumbaku na mihogo, na kati ya kimoja na kingine hupita njia za udongo ambazo wakati wa kiangazi ni vumbi na wakati wa masika ni utelezi. Reli ipo, na stesheni ipo, lakini garimoshi la Mpanda lina siku zake, ilhali mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa manane hana siku ya kuchagua. Noah ya abiria, Probox ya mchuuzi, Canter ya mahindi na Land Cruiser ya kubebea wagonjwa, zote zimefungwa rehani kwa sanduku la plastiki lenye uzito wa kilo kumi na kitu au ishirini na kitu, nalo likigoma hakuna safari.

Tena lipo neno ambalo mtu wa mkoa huu wa Katavi ana haki ya kulijua kabla ya wengine. Madini yanayobeba kazi yote ndani ya betri ni risasi, na risasi ndiyo iliyouleta ulimwengu wa viwanda Mpanda. Tawi la reli litokalo Kaliua, ambalo urefu wake ni kilomita 210 hivi, lilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ukafikia ukomo wake karibu na zama za Uhuru, reli ikabaki, na mji ukabaki. Metali ya jinsi ile ile iliyotolewa katika ardhi hii na kusafirishwa pwani hurudi kwetu leo katika madebe ya betri kutoka viwanda vya mbali, imekwisha kufanywa mabamba membamba, na tunainunua bila ya kujua tabia yake.

Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, zama ambazo motokaa ilikuwa bado kuzaliwa. Ilipofika mwaka 1912, Charles Kettering wa Marekani alifaulu kuipa motokaa ya Cadillac mtambo wa kuwasha injini kwa umeme, yaani selfu, na tangu hapo kazi ya hendeli, iliyokuwa ikiwavunja watu vifundo vya mikono, ikaanza kupungua. Wazee wetu walioendesha Land Rover za zamani wanakumbuka ya kuwa betri ikilala, mtu mwenye kifua aliweza kuizungusha injini kwa hendeli na safari ikaendelea. Magari yaingiayo leo kutoka Japani hayana hendeli, na mengi katika hayo ni ya otomatiki, ambayo hayawaki hata yakisukumwa na kijiji kizima. Kwa hiyo betri, ambayo hapo kale ilikuwa msaidizi, sasa imekuwa ndiyo mlango wa pekee.

Ndani ya sanduku mna vyumba sita viitwavyo seli, na katika kila seli yamepangwa mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi, yaliyozama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Kila seli hutoa volti 2.1 hivi, na sita kwa jumla hutoa 12.6. Betri inapotoa umeme, tindikali huingia katika mabamba na kuyageuza kuwa salfeti ya risasi, na kimiminika kinachobaki huzidi kuwa chepesi na kukaribia maji matupu. Inapochajiwa, salfeti huvunjika na tindikali hurudi mahali pake. Lakini salfeti ikiachwa siku nyingi bila ya chaji, hukomaa ikawa fuwele ngumu isiyovunjika tena kwa chaji ya kawaida, na kila bamba lililoshikwa na fuwele hiyo limetoka kazini. Ndiyo sababu betri iliyokaa wiki kadhaa bila chaji haiirudii nguvu yake yote hata ikilazwa kwenye chaja usiku kucha, na fundi anayemwambia mteja ya kuwa betri hii haishiki chaji anaieleza, kwa lugha ya gereji, habari ya salfeti hiyo.

Hapa ndipo panapostahili kukaa kidogo, maana makosa makubwa ya Katumba yanaanzia hapa. Mabamba ya betri ya gari hufanywa membamba na mengi kwa makusudi, ili yakutane na tindikali kwa eneo kubwa na umeme mwingi utoke kwa mkupuo mmoja. Selfu ya gari dogo la petroli huvuta ampea 150 au zaidi, na ya gari la dizeli huvuta mara mbili ya hizo na kuzidi, lakini kwa sekunde mbili tatu tu. Tufanye hesabu: ampea 150 kwa sekunde 3 ni thumni moja ya ampea-saa, deni ambalo altaneta, mtambo unaoichaji betri injini ikiwaka, hulilipa kwa dakika chache za mwendo. Sasa itazame betri hiyo hiyo ikifunguliwa garini jioni, ikabebwa hadi sebuleni, ikaunganishwa na televisheni ya wati 40 na taa za wati 20. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5, na kwa saa 5 za jioni ni ampea-saa 25. Ikiwa betri ni NS60, ambayo akiba yake yote ni ampea-saa 45, basi zaidi ya nusu imekwenda, na jioni moja ya kutazama mpira imekula umeme wa kuwasha gari mara 200.

Simlaumu mtu kwa haja hiyo. Mkoa wa Katavi, tangu ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na kabla yake, ulitegemea kwa miaka mingi umeme wa majenereta ya dizeli ya TANESCO pale Mpanda, hadi ilipofika zamu ya kuvuta njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora. Na mtu aliyekaa kijijini mbali na nguzo, mwenye gari uani na giza ndani, angekuwa na moyo wa jiwe kama asingeiwazia betri ile. Kinyozi ameitumia, mwenye kibanda cha kuchaji simu ameitumia, na katika harusi Noah husimamishwa karibu na hema, milango wazi, muziki ukipigwa tangu alasiri hata usiku, injini imezimwa ili kuokoa mafuta. Ninachotaka kijulikane ni kuwa kazi hizi zina betri yake. Betri ya sola hufanywa kwa mabamba manene na machache, hivyo haiwezi kutoa mkupuo mkubwa kama ile ya gari, lakini huvumilia kunyonywa polepole kila usiku na kurudishiwa kila mchana kwa muda wa miaka. Ile ya gari, ikifanyiwa hivyo, mabamba yake membamba humomonyoka, unga wake hukusanyika chini ya sanduku, na siku unga huo utakapoyagusa mabamba mawili jirani, seli nzima imekufa na betri nayo. Yule anayedhani amepata faida kwa kuitumia betri moja nyumbani na garini huishia kununua betri mbili za gari katika muda ambao angeinunua moja ya gari na moja ya sola.

Adui wa kwanza wa betri ni kunyonywa huko. Adui wa pili ni joto, na juu yake kuna dhana potofu iliyoletwa na vitabu vya nchi za theluji, vinavyosema ya kuwa baridi ndiyo iuayo betri. Baridi huufichua udhaifu wa betri, kwa kuwa injini baridi ni nzito kuzungushwa na kemia ya ndani hupooza. Lakini kinacholeta udhaifu wenyewe ni joto. Kanuni ya wakemia ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, mwendo wa mabadiliko ya kikemia huongezeka kwa takriban mara mbili, na katika betri hayo ni pamoja na kuliwa kwa vyuma vya ndani na kukauka kwa maji. Kwa hiyo umri wake hupungua karibu nusu. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashuka, gari lililosimama juani Katumba kwa saa za mchana, boneti limefungwa na injini imetoka tu safarini, huipika betri yake taratibu. Magari mengi yatokayo Japani huja na kava la plastiki au la kitambaa kizito likiizunguka betri, nalo kazi yake ni kuizuilia joto la injini. Mafundi wetu wengi hulitupa siku ya kwanza wanapobadilisha betri, kwa kuwa linawasumbua mikono. Lidai kava lako. Na mwembe ulio karibu na duka au kanisa usiuache bure ukaliegesha gari penye jua kwa sababu ya hatua ishirini.

Mintarafu ya kupima, niliona katika gereji moja iliyo kando ya njia, karibu na stesheni ya Katumba, kazi ya fundi mtu mzima ambayo ningependa kila kijana wa gereji aione. Kijana mwenye Noah alikuwa amekuja kwa miguu, gari lake limelala umbali wa nyumba chache.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Betri imekufa, mzee. Nimeshaagiza nyingine Mpanda, inakuja na gari la saa nane. Nataka unifungie tu."

"Hiyo iliyokufa ina muda gani?"

"Miezi saba."

"Twende kwanza tukaipime."

Akachukua mita yake, akaiweka upande wa volti, akagusisha ncha mbili kwenye vichwa viwili vya betri: 12.5. Akamwambia kijana ageuze ufunguo. Selfu ikalia mara moja ikanyamaza, na mita juu ya betri haikushuka chini ya 12.3. Yule mzee akatikisa kichwa, akasema betri haijaombwa kazi yoyote, hivyo haiwezi kushtakiwa kwa kukataa. Kisha akaiacha ncha moja kwenye kichwa cha hasi, na ile ya pili akaigusisha kwenye chuma kitupu cha injini, akamwambia kijana ageuze tena. Mita ikaruka ikasoma volti 9 na zaidi, mahali ambapo haikupasa ipite nusu volti. Umeme ulikuwa unapotea njiani. Akainama, akaufuata waya wa hasi hadi ulipofungwa kwenye bodi, akakuta nati imelegea na chini yake kutu ya kahawia. Akaifungua kwa spana, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaikaza, na Noah ikawaka mara ya kwanza. Hakuishia hapo: akaipima tena betri injini ikiwa inaunguruma, akaona 14.2, akasema altaneta ni nzima. Kijana akatoa simu kuwahi gari la saa nane.

Katika kazi ile mna vipimo vitatu ambavyo vinatosha kuamua kesi nyingi. Betri iliyopumzika usiku mzima ikisoma 12.6 imejaa, ikisoma 12.2 ina nusu, ikisoma 12.0 au chini yake inahitaji chaji leo, kabla salfeti haijakomaa. Wakati selfu inapozunguka, volti za juu ya betri zisishuke chini ya 9.6 hivi, zikishuka ilhali betri ilikuwa imejaa, betri imechoka kweli. Na injini ikiwaka, volti ziwe kati ya 13.8 na 14.5 au karibu yake: zikibaki 12 na kitu, altaneta au mkanda wake ndiyo wenye kosa, na betri mpya itakufa kama ile ya kwanza, zikipita 15, chaji imezidi, maji yatachemka na kukauka. Kwa betri yenye vizibo, kipo tena kipimio cha tindikali, bomba la kioo lenye chelezo ndani, ambalo huonyesha uzito wa kimiminika katika kila seli: karibu 1.27 seli imejaa, 1.12 imekwisha. Seli tano zikisoma 1.25 na moja ikasoma 1.10, hapo hukumu ya kifo ni ya haki, na chaja haitaibatilisha.

Mita hizo huuzwa kwa bei ndogo mno kulinganisha na bei ya betri, lakini gereji nyingi bado zina vipimo viwili vya hatari ambavyo naviombea vikomeshwe. Cha kwanza ni kugusanisha vichwa viwili kwa spana ili kutazama ukubwa wa cheche. Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche ndogo. Sanduku likapasuka, tindikali ikaruka usoni, na macho ya binadamu hayana duka la vipuri. Cha pili ni kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma ili kuijaribu altaneta. Katika magari ya zamani jambo hilo lilipita. Katika magari ya leo hupandisha volti ghafla na kuunguza altaneta yenyewe au kontroli boksi, kifaa ambacho bei yake hukaribia kumfanya mtu aliuze gari.

Ikithibiti ya kuwa betri imekwisha, ndipo ununuzi uanze, nao una elimu yake. Majina yanayotumika madukani, NS40, NS60, N50, N70 na kuendelea, ni ya mpango wa zamani wa Japani, na hueleza ukubwa: NS40 hufaa magari madogo kama Vitz, NS60 magari ya kiasi kama Probox, na N70 magari ya dizeli yenye injini nzito. Mpango mpya huandika mfano 55D23L, ambamo 55 ni daraja la nguvu, D ni kipimo cha upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho, L au R, hueleza vichwa vimekaa upande gani. Herufi hiyo ndiyo inayosahauliwa, na mtu aliyetumwa Mpanda hurudi na betri ambayo waya wa chanya haufiki, kisha fundi huunga kipande cha waya mwembamba, na hapo kosa la pili huzaliwa juu ya la kwanza. Andika kile kilichobandikwa juu ya betri ya zamani, au ipige picha kwa simu, kabla hujamtuma mtu.

Dukani tazama tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa juu ya sanduku au kwenye kibandiko. Betri iliyotiwa tindikali kiwandani, ikasafiri kwa lori kutoka Dar es Salaam hata Mpanda, kisha ikakaa rafuni kipindi chote cha kiangazi, imekuwa ikijila yenyewe kimya kimya. Dai ipimwe mbele yako, na ikisoma chini ya 12.4 ichajiwe kwanza au upewe nyingine. Kati ya mbili za ukubwa mmoja, inua moja kwa mkono wa kulia na moja kwa wa kushoto: nyepesi kwa kawaida ina risasi pungufu, na stika nzuri haiongezi risasi. Zipo pia betri ziletwazo tupu, zikatiwa tindikali dukani mnunuzi anapofika, na katika hizo nimeona ufundi ukifanywa kwa haraka inayogharimu: muuzaji hujaza, hufunga vizibo, hupokea fedha, na betri huenda moja kwa moja kwenye gari. Inavyotakiwa ni kuiacha nusu saa mabamba yanywe, kisha kuichaji polepole kwa ampea zisizozidi sehemu moja ya kumi ya akiba yake, yaani ampea 4 na nusu kwa NS60, mpaka ijae. Isipofanyiwa hivyo, huanza maisha yake ikiwa haijashiba, na altaneta ya gari la safari fupi fupi haitaimaliza kiu hiyo kamwe. Risiti na kadi ya gwaranti viandikwe tarehe. Bila tarehe kadi ile ni karatasi.

Wenye malori wana jambo la ziada. Canter na Fuso nyingi hutumia volti 24, zinazopatikana kwa betri mbili zilizofuatanishwa, na madereva wengi huvuta redio na chaja ya simu kutoka betri moja tu kati ya hizo mbili, kwa kuwa vifaa vyao ni vya volti 12. Betri hiyo hupungukiwa kila siku, mwenziwe huzidishiwa chaji kila siku, na zote mbili huharibika kwa sababu zilizo kinyume. Kifaa cha kushusha volti kutoka 24 hadi 12 kinamaliza tatizo hilo. Na wakati wa kubadilisha, zibadilishwe zote mbili pamoja, za aina moja na umri mmoja, hata kama moja inaonekana ina uhai.

Utunzaji hauchukui muda. Betri yenye vizibo ifunguliwe mara moja kwa mwezi wakati wa joto, na maji yakiwa yameshuka karibu na mabamba yaongezwe hadi mstari wa juu. Yawe maji ya betri yaliyokenekwa, yauzwayo kwenye maduka ya vipuri na vituo vya mafuta, na si ya kisima, si ya mto, wala si ya mvua iliyopita juu ya bati, kwa maana chumvi, chuma na zinki zilizomo huua mabamba. Asidi isiongezwe. Kinachopotea kwa joto ni maji peke yake, na anayemimina asidi akidhani anaipa betri nguvu anayaunguza mabamba. Unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa huondolewa kwa maji ya uvuguvugu yaliyokorogwa magadi, yale yale ya kulainishia maharage, vizibo vikiwa vimekazwa ili tone lisiingie ndani. Kisha vichwa hukaushwa, vishikizo hukazwa, na juu yake hupakwa grisi au vaselini. Wakati wa kufungua, waya wa hasi hutangulia; wakati wa kufunga, huja mwisho, ili spana ikigusa bodi isizue moto.

Bano linaloishika betri lisikosekane katika njia zetu. Betri inayorukaruka juu ya matuta huvunja mabamba yake ndani ilhali nje inaonekana nzima, na hapo mtu husema ilikuwa feki. Kama bano limepotea, ukanda wa mpira wa tyubu ni bora kuliko waya wa chuma, ambao siku moja utalala juu ya vichwa viwili. Gari litakaloachwa kwa muda mrefu lifunguliwe waya wa hasi, maana alamu na kumbukumbu za redio huvuta kidogo kidogo: ampea 0.05 peke yake humaliza NS60 iliyojaa katika siku 37 hivi. Kuliwasha na kuliacha liungurume dakika tano uani hakusaidii. Liendeshwe nusu saa. Na likilazimu kubustiwa kutoka gari jingine, waya wa chanya uende kwenye chanya, na wa hasi, upande wa gari lililolala, ufungwe kwenye chuma cha injini, mbali na betri na hewa yake.

Limebaki la betri iliyokufa, nalo ndilo linalonitia hofu kubwa kuliko yote. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini, hupima kwa mizani, na baadhi yao hutaka tindikali imwagwe kwanza ili wasilipie maji. Humwagwa uani, nyuma ya jiko, kando ya bustani ya mchicha. Wapo pia wanaovunja sanduku kwa shoka na kuyeyusha risasi jikoni, kwa kufanyia chubwi za nyavu. Risasi iliyomo katika udongo na moshi huingia katika damu ya mtoto na kuipunguza akili yake kwa namna isiyorudishika, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa ni salama. Si habari za kubuni. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008 katika mtaa ambao watu walikuwa wakichambua udongo uliochanganyika na mabaki ya betri. Karibu na kwetu, katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu wakazi, na mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mwanawe mchanga aliugua, akasimama kuwatetea wakazi hao hadi kiwanda kikafungwa. Alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Betri kuukuu nchini Tanzania ni taka ya hatari, na biashara yake inataka kibali cha mamlaka inayosimamia mazingira. Mwenye gari wa Katumba anaweza kumwuliza muuzaji wa Mpanda, siku ile ile anaponunua mpya, kama anapokea ya zamani na kupunguza bei, na amwulize mnunuzi wa vyuma kama ana kibali. Yule anayesema imwage kwanza asiuziwe. Mpaka betri hiyo ipate gari la kwenda mjini, isimame wima ikiwa na tindikali yake ndani, vizibo vimekazwa, vichwa vimefunikwa kwa kipande cha mpira, katika kibanda chenye kufungwa ambamo watoto hawachezi wala kuku hawatagi.